Raba ya trokari inavuja gesi: tuibane zaidi?

SWALI: Mimi ni fundi wa vifaa katika hospitali moja hapa Bukavu. Madaktari wetu wanafanya selioskopi, yaani upasuaji wa tumbo lililojazwa gesi, kwa kamera na vyombo vinavyopita matundu madogo. Vyombo hupitia trokari za chuma, yaani mabomba yanayotobolewa kwenye ukuta wa tumbo, yenye raba za kuzuia gesi. Raba zikichakaa gesi inavuja na tumbo linashuka, na raba mpya zinachelewa kufika. Nataka kuchonga trokari yetu yenye raba moja nene, inayobana sana. Unasemaje?

JIBU: Ndugu fundi, chonga, lakini raba moja nene hapana. Mlango wa trokari, pale chombo kinapoingilia, una kazi mbili. Chombo kisipokuwemo, gesi izuiwe na vali inayojifunga yenyewe, ya springi au ya silikoni yenye umbo la mdomo wa bata. Chombo kikiingia, vali hiyo imeshafunguka. Sasa gesi inazuiwa na pete laini inayokumbatia chombo. Kipande kimoja kikibebeshwa kazi zote mbili, kitavuja kikiwa kitupu au kitang'ang'ania chombo.

Na kung'ang'ania ndiko kunakonitia hofu zaidi. Daktari hagusi nyama kwa kidole, anaisikia kupitia chombo. Msuguano ukizidi, mkono wake hausikii kitu. Halafu akivuta chombo, kanula nzima, yaani bomba la trokari, inatoka nacho, na gesi yote inakwenda. Wala hakuna sababu ya kubana hivyo. Tumbo hujazwa kaboni dioksidi kwa milimita 12 hadi 15 za zebaki, yaani uzito wa maji yenye kina cha sentimita 20 tu. Pete nyembamba, yenye tundu dogo kidogo kuliko chombo, inatosha. Kwa mlango wa milimita 10 unaopitisha chombo cha milimita 5, weka kofia ya kupunguzia tundu.

Tumia silikoni ya hospitali inayostahimili otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, ya nyuzi 134. Mpira wa tyubu ya gari usiuguse: moto huo unauharibu, na wapo wagonjwa ambao mpira asilia unawadhuru. Kila kipande kifunguke, damu isipate pa kujificha.

Kujaribu ni rahisi, maana kipimo cha presha cha mkono kinasoma milimita zilezile za zebaki. Ziba mdomo wa chini wa kanula, unganisha mrija wa kipimo, pandisha hadi 15, zamisha majini uangalie mapovu, kwanza bila chombo, kisha nacho, kisha ukikiinamisha pembeni, kwa sababu hapo ndipo pete nyingi hushindwa. Kuhusu msuguano, mji ambao madaktari Denis Mukwege na Guy-Bernard Cadière walifanya selioskopi pamoja pale hospitali ya Panzi haukosi mikono yenye uzoefu: mpe daktari avute na kusukuma, umsikilize. Kwa mgonjwa isiingie kabla hospitali haijaidhinisha.

Jambo la mwisho: usifunge kanula ya chuma kwa kola ya plastiki ya kuishikilia tumboni. Umeme wa kifaa cha kuchomea unaweza kujikusanya kwenye chuma hicho, ukakosa njia ya kutawanyikia ukuta wa tumbo, ukaunguza utumbo mahali ambapo kamera haioni.