Kikoa kisajiliwe kwa jina la nani?

Swali: Ninafungua duka la mtandaoni la vifaa vya ushonaji. Jina nililolipenda, lenye .com mwishoni, limeshachukuliwa, ingawa ukiliandika hakuna tovuti inayofunguka. Fundi anayenitengenezea tovuti anasema nisihangaike: atasajili jina jingine kwenye akaunti yake, nami nimlipe kila mwaka. Nikubali? Na lile la kwanza silipati tena?

Jibu: Usikubali. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo nililoliona likiwaliza watu wengi kuliko udukuzi wa aina yoyote. Kikoa, yaani jina la tovuti kama hilo lenye .com, hakinunuliwi ukamaliza, kama mtu anunuavyo meza. Unalipia haki ya kukitumia, kwa .com ni mwaka mmoja hadi 10 kwa mara moja, na mwenye haki hiyo ni yule aliyeandikwa kwenye usajili. Fundi wako huenda ni mwaminifu kabisa. Lakini akiugua, akiacha kazi hiyo, au mkikosana juu ya malipo, duka lako linabaki mikononi mwake, na msajili, yaani kampuni inayosajili vikoa, hatakusikiliza kwa sababu hakujui. Fungua akaunti mwenyewe, andika jina lako au la kampuni, lipa mwenyewe. Yeye anachohitaji ni kubadili rekodi za DNS, yaani maelekezo ya kikoa, ili kielekee kwenye seva, kompyuta inayohifadhi tovuti. Wasajili wengi hukuwezesha kumpa ruhusa hiyo bila kumpa nywila.

Jambo moja dogo linalosahaulika: anwani ya barua pepe ya akaunti hiyo isiwe ya kikoa hichohicho. Kikizimika, barua ya kukusaidia kukirudisha itatumwa mahali usipoweza kuifungua.

Sasa lile jina la kwanza. Kutofunguka kwa tovuti hakumaanishi kwamba jina liko huru. Litafute kwenye ukurasa wa kuangalia usajili wa ICANN, shirika linaloratibu majina ya vikoa duniani. Jina la mwenyewe aghalabu limefichwa, hasa tangu sheria ya faragha ya Umoja wa Ulaya ianze kutumika mwaka 2018, lakini utaona msajili, tarehe ya kusajiliwa na tarehe ya mwisho. Wengi huiona hiyo tarehe ya mwisho wakakaa kuisubiri. Hapo wanapoteza muda. Kwa .com, mwenyewe anaweza kuwa na hadi siku 45 za kuhuisha baada ya tarehe hiyo, kisha siku 30 za kukikomboa kwa ada kubwa zaidi, kisha siku 5 za kungoja kufutwa. Kikifutwa, programu za wanaowinda majina hukidaka ndani ya sekunde chache.

Ukilitaka kweli, mwandikie mwenyewe kupitia fomu ya msajili. Jiwekee kwanza kiwango usichokivuka, wala usimweleze mipango ya biashara yako, maana kila unachomweleza kinapandisha bei. Mkikubaliana, fedha zishikwe na huduma ya mtu wa kati, zitolewe kikoa kikishaingia kwenye akaunti yako. Kabla ya hapo pitia archive.org, hifadhi ya kurasa za zamani za wavuti, uone jina hilo lilitumika kwa nini zamani. Lililowahi kutuma barua taka linaweza kuzifanya hata barua zako halali zitupwe.

Hakikisha pia si alama ya biashara ya mtu. Tangu 1999 kuna utaratibu uitwao UDRP, ambao mwenye alama anaweza kuutumia kukunyang'anya kikoa akithibitisha kwamba kinafanana na alama yake, huna haki nacho, na ulikisajili na kukitumia kwa nia mbaya. Wewe huwezi kuutumia dhidi ya mtu aliyesajili jina kabla hujawa na alama yoyote.

Kwa maoni yangu, chukua jina jingine. Mpigie mtu simu, mtamkie mara moja, umwambie aliandike. Akiuliza kama kuna kistari au tarakimu, endelea kutafuta. Viishio vya nchi ni vizuri pia, ila kila kimoja kina masharti yake: Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, wakazi wake wengi walipoteza haki ya .eu, kiishio cha Umoja huo, kuanzia 2021.

Ukishalipata, washa kufuli ya kuzuia uhamisho, uthibitisho wa hatua mbili, na uhuishaji wa moja kwa moja, halafu angalia kadi uliyoiunganisha itaisha lini. Usidhani kusahau ni kwa wadogo tu. Mwaka 1999 Microsoft iliacha passport.com, kikoa kilichotumika kuingia kwenye huduma yake ya barua pepe ya Hotmail, ipitwe na tarehe, watumiaji wakashindwa kuingia, hadi mtaalamu mmoja wa kompyuta alipoilipia dola 35 kutoka mfukoni mwake.

Na ukipokea ankara ya kuhuisha kutoka kwa kampuni usiyoifahamu, usilipe kitu. Wapo wanaotuma barua hizo ili ulipie bure, au uhamishie kikoa kwao bila kujua. Ingia kwenye akaunti yako, usome tarehe huko.