Héroes del Silencio sio Wameksiko

Kuna watu wanadhani Héroes del Silencio, ile bendi ya rock, ni ya Mexico. Hapana, ni wa Zaragoza, Hispania, bendi ilianza 1984 na mwimbaji Enrique Bunbury na mpiga gitaa Juan Valdivia ndo walikuwa roho yake. Wengi wanachanganya kwa sababu Mexico wanapendwa kupita kiasi, hata walivyoungana tena 2007 kwa ile ziara ya konsati 10 walipiga usiku mbili Mexico City, kwenye uwanja wa Foro Sol.

Na hilo wanalodai wengine kwamba waliimba Kiingereza ili wauze Ujerumani nalo sio kweli, kule waliingia na Kihispania chao hicho hicho, mi kwa hilo nawaheshimu sana. Ninazo albamu zao zote nne za studio, ya kwanza 1988 ya mwisho Avalancha ya 1995, hamna hata moja ya Kiingereza. Kama hujawahi kuwasikia anza na Senderos de traición ya 1990, prodyuza ni Phil Manzanera yule mpiga gitaa wa bendi ya Uingereza Roxy Music, humo ndo kuna wimbo wa Entre dos tierras, yaani gitaa la Valdivia linatangulia afu ile sauti nzito ya Bunbury inaingia, hata kama huelewi neno unabaki umeganda tu.

Ila bendi ilivunjika 1996, kwa hiyo ukikuta albamu ya Radical Sonora ya 1997 usiiweke kwenye hesabu, hiyo ni ya Bunbury peke yake na ina vionjo vingi vya elektroniki.