Chungu cha magazeti kimeota ukungu, na maswali mengine ya wiki

Chungu changu cha pambo, nilichobandika kwa magazeti, kimeota ukungu. Je, gundi ya unga ndiyo mbaya? (Mama, Buhongwa)

Gundi haina kosa, mama yangu. Kosa ni haraka. Ukibandika karatasi nyingi kwa siku moja, juu panakauka na ndani panabaki pabichi, na kipindi cha vuli ndiyo kabisa. Bandika matabaka mawili tu, anika, kigonge kwa kidole. Kikitoa mlio mkavu ongeza mengine. Anikia juu ya jiwe lililopata jua, na mawe Mwanza hayatafutwi. Gundi yenyewe ni kikombe kimoja cha unga wa ngano kwa vitano vya maji. Koroga motoni mpaka iwe nzito kiasi, tia kijiko cha chumvi. Vanishi ingoje chungu kikauke kabisa, la sivyo unafungia maji ndani. Hicho chenye ukungu kitupe, usikipake rangi ukampa mtoto.

Duka gani hapa mjini linauza manila za kumeremeta na gundi za kuyeyusha kwa ajili ya kazi hizi za mapambo ya taka? (Dada, Nyakato)

Sitakuelekeza. Swali hili linakuja kila mara na jibu langu halibadiliki: kazi ya taka inaanza na taka za nyumbani kwako. Boksi la sabuni lipo, trei ya mayai ipo, daftari za mwaka jana zipo. Ukinunua manila mpya ukate maua, umeongeza taka. Kama unataka rangi, saga mkaa au chemsha choya. Manjano ya jikoni nayo inapendeza, ila hupauka juani.

Vazi ya karatasi (chombo cha maua) inawekwa maji?

Hapana! Kata shingo ya chupa ya soda ya plastiki uiondoe, chupa iliyobaki iingize ndani ya vazi, maji yakae humo.

Nataka kupeleka wanafunzi Igombe, kando ya Ziwa Victoria, wakachume magugu maji tusuke fremu za picha za familia. Unashauri nini? (Mwalimu, Ilemela)

Mwalimu, fremu zisukwe, lakini mtoto asikanyage maji. Konokono wa kichocho hukaa kwenye magugu hayo hayo, na vijidudu vyake hupenya ngozi kwa dakika chache bila mtoto kuhisi chochote. Hapo sijataja mamba. Aende mtu mzima mwenye buti ndefu. Gugu hili limo ziwani tangu miaka ya 1980, haliwakimbii.

Chukua mabua marefu tu. Bua bichi ukilibonyeza utaona ndani ni sifongo tupu iliyojaa hewa na maji, kwa hiyo likikauka linanywea sana. Ukilisuka bichi, fremu italegea yote. Yaanike mpaka yawe ya kahawia na mepesi, kisha siku ya kusuka yalowanishe kidogo yasikatike. Mabaki usiyatupe mtoni wala bwawani, kwa sababu kipande kidogo kinaota tena.

Mfuko wa saruji unafaa?

Ule wa karatasi unafaa kuliko gazeti. Tumia tabaka la nje, la ndani litupe. Ukung'utie nje ukiwa umefunika pua, watoto wakae mbali: saruji ikilowana huunguza ngozi.

Na risiti za dukani?

Ziache. Karatasi ile imepakwa kemikali ili iandikwe kwa joto, na watoto hutia vidole mdomoni.

Mwanangu anaharibu kila akikata. Nimfanyie?

Usimfanyie. Pambo la familia lililokatwa na mzazi peke yake si la familia.

Shanga zangu za kalenda zinafunguka. (Bibi, Sengerema)

Shikamoo bibi. Karatasi ya kalenda inateleza, hivyo gundi ya nchani pekee haitoshi. Kata pembetatu ndefu, kitako sentimita 2, urefu 30. Anzia kitakoni, zungusha kwenye njiti ukivuta ikaze, na kuanzia mzunguko wa pili paka gundi mpaka mwisho. Ichomoe kwenye njiti kabla haijakauka, vinginevyo zitagandana.