Kuongeza mnato hakuzuii baraiti kutuama

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nipo mafunzoni kwenye mtambo wa kuchoronga gesi huku Mtwara. Kisima kimeinama nyuzi 50. Tukizima usiku pampu inayozungusha tope la kuchorongea kisimani, asubuhi tope linarudi jepesi, kisha linakuja zito kupita tulilopeleka. Mkuu wa zamu anataka tuongeze bentonaiti, udongo wa kuongeza mnato, mpaka liwe kama uji. Ni sawa?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Si sawa, na ushauri huo nausikia kila mara. Kinachowasumbua ni kutuama kwa baraiti, ule unga wa madini unaolipa tope uzito: chembe zake zinazama chini na kuliacha tope la juu jepesi.

Wengi hudhani kisima kikiinama, chembe huzama polepole kwa kuwa zinaegemea ukuta. Ni kinyume. Chembe huanguka wima, na ukuta wa chini uko sentimita chache tu. Zikitua huteleza kushuka, huku kimiminika chepesi kikipanda kwa kasi chini ya ukuta wa juu. Tabibu Mwingereza A. E. Boycott aliliona jambo hili kwenye vibomba vya damu vilivyoinamishwa, akaliandika mwaka 1920. Nyuzi 45 hadi 60 ndizo sumbufu zaidi, maana rundo halitulii, linaporomoka.

Sasa hiyo bentonaiti. Bomba la kuchorongea limelalia ukuta wa chini. Mnato ukizidi, mkondo hufuata nafasi pana ya juu, na chini ya bomba hakisogei kitu. Faneli, inayopima sekunde ambazo tope huchukua kupita ndani yake, itaonyesha sekunde nyingi, mkuu wa zamu ataridhika, na vipande vya mwamba vitazidi kurundikana. Mkiwasha pampu, tope lililoganda linadai shinikizo kubwa, mwamba unapasuka na tope linapotelea humo.

Someni viskometa, yaani kipimo cha mnato kinachozunguka, kwenye mizunguko 3 na 6 kwa dakika. Hapo ndipo mtajua kama tope linabeba chembe likienda taratibu. Zungusheni bomba. Msisukume tope polepole kwa saa nyingi huku bomba limesimama, kwani mara nyingi baraiti hutuama zaidi hivyo kuliko pampu ikiwa imezimwa.

Wanaonikera zaidi ni wauzaji wa unga wa kuongeza kwenye tope wanaoahidi kumaliza tatizo kwa mfuko mmoja bila kuuliza mwinamo, joto wala kasi ya pampu. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982; Lindi na Mtwara hazina sababu ya kuchoronga kwa kubahatisha hadi leo. Tope likipungua uzito, gesi inaingia kisimani, na hapo ni roho za watu. Anayepima uzito kwenye tangi peke yake asikwambie kisima ni salama. Pimeni tope linaporudi, kila dakika chache, mpaka lile la chini kabisa litoke, na mwandike uzito mdogo na mkubwa, si wastani.