Kusoma majibu ya kinyama cha titi

SWALI: Mama amepimwa kinyama cha titi, akakutwa na saratani. Majibu: ER 90%, PR 60%, HER2 2+, Ki-67 20%. Je, ugonjwa ni mkali? Na kwa nini daktari anataka kipimo kingine?

JIBU: Poleni sana. ER na PR ni vipokezi vya homoni, estrojeni na projesteroni, na hukaa ndani ya kiini cha seli. ER 90% maana yake ni kwamba katika kila seli 100 za saratani, 90 zilishika rangi ya maabara inayoonyesha kipokezi hicho. Kuanzia 1% huhesabiwa chanya, ingawa kati ya 1% na 10% faida ya dawa za homoni haina uhakika. Mama yuko juu sana ya hapo, na hiyo ni habari njema: saratani ya namna hii mara nyingi hukua polepole, na dawa kama tamoksifeni ina pa kushika. Asiikatize akijisikia mzima, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kurudi hata baada ya miaka mingi. Ndiyo maana dawa hizi hutumiwa miaka 5 hadi 10.

HER2 2+ ni jibu ambalo halijakamilika. Protini hii hukaa kwenye utando wa seli. 0 na 1+ ni hasi. 3+ ni chanya, yaani rangi kali imeuzunguka utando wote katika zaidi ya 10% ya seli. Kwenye 2+ rangi ni hafifu au ya wastani, haitoshi kuamua, kwa hiyo hufanywa kipimo kingine cha kuhesabu nakala za jeni inayotengeneza protini hiyo. Msikiache kipimo hicho. Zamani HER2 chanya ilitabiri ugonjwa mkali tu. Tangu trastuzumab, dawa inayoilenga HER2, iidhinishwe Marekani mwaka 1998, inaonyesha pia nani wa kupewa dawa hiyo.

Ki-67 huonyesha seli zilizo katika mzunguko wa kugawanyika. Chini ya 5% au juu ya 30% wataalamu wanaosoma vioo vya darubini hukubaliana. Hapo katikati, wataalamu wawili wanaweza kutofautiana kwa kioo kilekile. Hiyo 20% isiwatishe. Ukali hauamuliwi na namba hizi peke yake: muulizeni daktari ukubwa wa uvimbe, gredi (seli zimebadilika kiasi gani kutoka hali ya kawaida), na kama tezi za kwapani zimeguswa.

SWALI: Mimi ni fundi maabara. ER inatoka hasi, hata kwenye vijifereji vya kawaida vya titi vilivyo kwenye kioo hichohicho. Tatizo nini?

JIBU: Usitoe jibu hilo. Baadhi ya seli za vijifereji hivyo lazima zishike rangi. Isiposhika hata moja, kipimo kimefeli.

Angalia kontroli ya nje, yaani kinyama kingine kinachojulikana kuwa chanya. Ikiwa nayo ni hasi, kagua kingamwili, joto na pH ya bafa ya kufufulia antijeni (protini inayotafutwa). Ikiwa ni chanya, kosa liko kwenye kinyama. Mara nyingi kilichelewa: kiingie kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi, ndani ya saa 1 tangu kukatwa, kikae humo saa 6 hadi 72. Formalini iwe ya 10% yenye bafa, ujazo wake mara 10 ya kinyama. Titi zima lisilopasuliwa vipande vya milimita 5 hadi 10 huoza katikati, maana formalini hupenya taratibu mno. Vioo vilivyokatwa zaidi ya wiki 6 nyuma pia hupoteza antijeni.

Rudia kwa bloku nyingine, yaani kipande kingine cha kinyama kilichogandishwa kwenye nta. Ikishindikana, andika “haikusomeka” na uombe kinyama kipya. Hasi ya uongo humnyima mgonjwa dawa inayomfaa.