Re: Kama Goryeo walikuwa na ukuta kaskazini, Wakhitan walifikaje Kaesong?

Habari mkuu, umeuliza iweje Wakhitan, watu wa dola ya Liao kaskazini, waingie Kaesong, mji mkuu wa Goryeo (ufalme wa zamani wa Korea), mwaka 1011 na kuuchoma wakati ukuta mrefu ulikuwepo. Cheki tarehe kwanza, ukuta ule umejengwa kati ya 1033 na 1044, vita vilishaisha, ndo maana ramani yako inakuchanganya.

Kabla ya hapo Goryeo walitegemea ngome. Mwaka 993 Seo Hui, mjumbe wa Goryeo, alikaa mezani na jemadari wa Liao akaondoka na ardhi hadi mto Yalu, na hapo zikajengwa ngome sita, Heunghwajin, Tongju, Gwiju na nyingine. Mimi nilielewa nilipoziweka kwenye ramani moja moja, ziko kwenye njia za kuelekea kusini, kwa hiyo adui akizipita bila kuziteka anaacha maadui mgongoni. Wakhitan walipovamia 1010 Heunghwajin haikutekwa, na kamanda wake Yang Gyu akatoka humo kuwashambulia wakati wanarudi.

Angalia sana 1018 lakini, walipovamia tena. Gang Gamchan, jemadari wa Goryeo, aliunganisha ngozi za ng'ombe kwa kamba nene, akaziba mto hapo Heunghwajin, adui walipoanza kuvuka akaachia maji na wapanda farasi 12,000 waliojificha wakawavamia. Waliobaki bado walisogea hadi karibu na Kaesong, wakakuta watu wote wameingizwa ndani ya kuta na mashambani hakuna chakula, wakageuka, na 1019 wakamalizwa Gwiju. Wachache sana walifika kwao.