Duka la nyuzi Tanga: kabla hujafunga mzigo, nunua benchi

Mleta mada ameuliza hivi: ana milioni mbili na nusu, anataka kufungua duka la nyuzi za kufumia na kudarizi hapa Tanga mjini, ila watu wamemwambia joto la huku halina mteja wa sweta, na kwamba vijana hawajui tena kushika sindano. Anataka kujua aingie au aachane nalo, na mwishoni ameulizia pia mashine ya kufumia sweta. Mimi huu ni mwaka wa 11 niko na duka la aina hiyo Ngamiani, kwenye hizi barabara za namba, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona mwenyewe. Nitakuwa mrefu, mnivumilie.

Ingia. Lakini ile hesabu uliyoweka, ambayo pesa yote inaishia kwenye nyuzi na rafu, ibadilishe. Toa humo pesa ya benchi refu la mbao, viti viwili vya plastiki na ndoo ya maji ya kunywa. Nitaeleza kwa nini.

Kwanza hilo la joto. Ni kweli mtu wa Makorora, hapa hapa mjini, hana haja ya sweta. Lakini mteja wangu mkubwa hakai Makorora, anateremka kutoka Lushoto. Baridi ya kule inapokaza, kuanzia Juni mpaka Agosti, kuna akina mama wanaopanda gari alfajiri, wanapitia Mombo, Korogwe na Muheza, saa tano wameshafika dukani na mfuko mtupu wa salfeti. Wanachukua bluu ya shule, kijani, nyeusi na damu ya mzee. Hawapapasi, hawaulizi mara mbili, saa nane wako stendi. Hao ndio wanaonilipia kodi ya fremu. Wa mjini nao wana yao: vitambaa vya makochi, soksi na kofia za watoto wachanga (joto au si joto, mtoto wa Tanga hatoki uzazini bila kofia), foronya za kudarizi za bibi harusi, na bafta na uzi mweupe kwa wale wanaoshona kofia za viua kuelekea Ramadhani.

Hao wa kofia za viua wana faida ndogo sana. Anakuja mtu anachukua sindano mbili nyembamba na uzi kidogo, anaondoka, humwoni mpaka mwezi uishe. Kila kiua ni tundu linalotobolewa peke yake na kuzungushiwa uzi pande zote, na kofia moja ina viua vingi mno. Mtu mwenye watoto na jiko la kuangalia anaimaliza kwa miezi miwili au mitatu. Lakini usiwadharau. Hakuna mteja anayejua ubaya wa uzi kama huyo. Uzi ukiwa na kifundo hata kimoja anakurudishia, na amefanya vizuri, kwa sababu kifundo hicho ungemuuzia mwingine asiyejua.

Sasa benchi. Mwaka wa kwanza sikuwa nalo. Watu waliingia, wakanunua donge moja, hawakurudi. Nilidhani rangi zangu mbaya, nikaenda Kariakoo nikafunga mzigo wa rangi nyingine, na mambo yakawa yaleyale. Mpaka siku moja binti wa Chumbageni alipopita na blanketi la mtoto ndani ya mfuko, akauliza kama nanunua uzi uliotumika. Alikuwa ameshakata tamaa. Blanketi lilianza pana, likawa linapungua, mfano wa kipande cha sambusa.

Kulikuwa na bi mkubwa mmoja amekaa kwenye ngazi ya duka anapumzisha miguu. Binti akamwamkia, bi mkubwa akaitikia, kisha akasema, "Hebu lete nione, mwanangu." Akaliweka mapajani, akahesabu kwa kucha. Mstari wa kwanza vitanzi 120. Mstari wa 18 vitanzi 103. Kila mstari alikuwa anadondosha kimoja, na kosa lilikuwa mahali pamoja tu. Ukifuma kwa sindano ya kulabu ule mshono mrefu, mwanzo wa kila mstari unapandisha minyororo 3 ya kugeuzia (vitanzi vitatu vinavyofuatana kwenda juu), na minyororo hiyo inahesabiwa kuwa mshono wa kwanza. Ukirudi, mshono wako wa mwisho unatakiwa uingie juu kabisa ya minyororo hiyo. Binti alikuwa anaiona kama ukingo tu, anaiacha, anageuza.

"Tufumue," bi mkubwa akasema. Binti machozi yakamlenga. Wiki tatu za kazi. Bi mkubwa hakumbembeleza kwa maneno, akampa donge ashike, yeye akaanza kuvuta. Wakafumua yote pale kwenye ngazi, mmoja anavuta, mwingine anakunja, na kabla adhuhuri haijaadhiniwa binti alikuwa amefuma upya mistari mitatu, na uzi mwekundu ameufunga kwenye kitanzi cha kwanza na cha mwisho kama alama. Akaomba madonge manne zaidi. Wiki iliyofuata akaja na wenzake wawili.

Jioni ile nilikwenda kwa fundi seremala.

Kwa hiyo mleta mada, ukisema vijana hawajui kushika sindano, mimi naona wanajua zaidi ya unavyodhani. Wanajifunza kwenye simu, jicho linaona, mkono unaiga. Kitu ambacho video haiwapi ni mtu wa kuwaambia wapi wamekosea na kuwafumulia bila kuwacheka. Anayefuma bila kujua kufumua atanunua donge moja maishani mwake. Akijua kufumua haogopi kazi kubwa, na mwenye kazi kubwa ndiye anayemaliza mzigo wako.

Na kufumua nako ni ufundi. Usikunje donge kwa kukaza. Zungusha uzi juu ya vidole vitatu, vichomoe, geuza upande, endelea. Donge libonyee ukilishika. Uzi uliokazwa unavutika, ukifumwa hivyo utakuja kunywea siku ya kufuliwa na kazi itajikunja. Uzi wa akriliki, ule wa kiwandani usio pamba wala sufu, ukifumuliwa unabaki na mawimbi. Uloweke kwenye maji ya uvuguvugu, uning'inize kivulini ukiwa na kizito kidogo chini. Usiupige pasi kabisa. Pasi ya moto inaua akriliki, unalegea kama tambi zilizopitiliza na haurudi tena. Pamba inastahimili pasi, ndiyo maana kwa vitambaa vya makochi nawashauri watu pamba hata kama bei inawauma.

Mama yangu alifanya kazi kwenye brashi, yaani sehemu ya kusafishia katani, shamba la mkonge njia ya Muheza. Kazi yake ilikuwa nyuzi, ingawa si hizi laini. Alikuwa akipitisha kidole gumba juu ya fungu la katani anajua lilioshwa vizuri au limebaki na utomvu. Alinifundisha hivyo hivyo na pamba: pitisha uzi kati ya kidole gumba na cha shahada, macho yakiwa yamefumbwa, utasikia pale uliponenepa na pale ulipokonda. Mkonge ulifika huku mwaka 1893, aliuleta Mjerumani Richard Hindorf kutoka Florida, na katika miche yote aliyoagiza 62 tu ndiyo ilifika ikiwa hai. Mji huu umekula kwa nyuzi tangu wakati wa mabibi zetu. Sikubali mtu aniambie hapa hakuna mikono ya kazi hii.

Na mikono hiyo ndiyo iliyonionyesha biashara ambayo sikuwa nimeifikiria, mazulia ya gunia. Lile gunia la kahawa la zamani, tunaloliita la katani, limefumwa wima na mlalo, matundu sawasawa, ni kama daftari la hesabu. Unachora ua kwa mkaa, unajaza kwa uzi wa sweta, tundu kwa tundu. Wenye kazi hii nchi nyingine wana kitambaa maalumu cha matundu kwa ajili yake, sisi tuna gunia, na nimeona mazulia yaliyokanyagwa miaka sita yakiwa na rangi zake. Sindano iwe butu yenye tundu kubwa, kwa sababu yenye ncha inapasua nyuzi za gunia badala ya kupita katikati yake. Uzi ukate dhiraa moja tu, kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mgeni anakata pima nzima ili asichoke kutunga sindano, na uzi unaingia na kutoka kwenye gunia gumu mpaka unachakaa, mwisho wa uzi unakuwa umekonda na rangi imefifia. Kingine: mishono yote ikilala upande mmoja, zulia linavutwa linakwenda mshazari. Likishakuwa hivyo, lilowanishe, livute mpaka linyooke, lipigilie misumari midogo kwenye ubao pande zote, liache likauke siku mbili. Linatoka mraba.

Sasa niseme kosa langu, ili usilirudie. Kwenye karatasi ya donge kuna namba mbili. Moja ni ya rangi. Nyingine, mara nyingi imegongwa kwa muhuri pembeni, ni ya pipa lililopikiwa rangi hiyo. Krimu ya pipa hili si krimu ya pipa lile. Mwaka wangu wa tatu, mama mmoja alitaka madonge 12 ya krimu kwa vitambaa vya makochi, harusi ya mwanawe. Nilikuwa nayo 9 ya pipa moja, nikaongeza 3 ya pipa jingine. Chini ya taa ya duka sikuona tofauti. Alipotandika sebuleni kwake, kochi la dirishani lilionekana kama limemwagiwa chai ya maziwa. Alikuja hakufoka. Alikiweka kitambaa juu ya kaunta, akakaa kimya. Nilimpa uzi mwingine, nikakaa naye usiku kucha kwa siku tisa tukifuma wote mpaka kikakamilika. Siku hizi nasoma namba zote mbili kwa sauti mbele ya mteja. Na zikitofautiana na hakuna namna nyingine, namwambia afume mistari miwili ya donge hili, miwili ya lile, kazi nzima toka mwanzo, na jicho halitaona mpaka.

Nyuzi za kudarizi usiweke nyingi mwanzoni. DMC ya Ufaransa, kampuni iliyoanza mwaka 1746, ni nzuri lakini inakula mtaji. Chukua rangi chache, nyeusi namba 310 isikosekane. Kichane kimoja kina mita 8 na kimesokotwa nyuzi 6, mfundishe mteja kuzitenganisha, foronya inataka 2 au 3 tu. Zile za bei rahisi zijaribu kwanza: kata kipande, kilowanishe, kibane ndani ya bafta nyeupe usiku mmoja. Nyekundu ikichuja usiiuze kwa mtu wa foronya za harusi, hata akikuomba.

Unyevu wa bahari utakula sindano zako. Mimi nazichoma kwenye flaneli iliyopitishwa mafuta kidogo ya cherehani na kuzifunga kwenye kopo. Ukimpa mteja, ifute.

Kuhusu mashine ya kufumia sweta uliyoulizia mwishoni, isubirishe. Panda gari la Lushoto siku ya gulio, mwezi wa Mei kabla baridi haijaanza, zunguka kwa wafumaji uwaulize wanatumia uzi wa unene gani na damu ya mzee ipi shule zao zinakubali. Waambie unataka kuwauzia uzi, hutaki kufuma. Ukifika na mashine yako utakuwa mshindani wao, na wao ndio watakaokulipia fremu. Ukishuka, pita Ngamiani. Benchi langu lipo upande wa kivuli, asubuhi wanakaa wa kofia, mchana wanakuja wa magunia.